Firigisi ya Namba Moja

Ruangwa,
3 Juni 2024

Mke wangu mkubwa, Bibi Biasha,

Shikamoo. Najua utasema mume hamwamkii mkewe, lakini utani umenifundisha wewe na adabu umenifundisha wewe, kwa hiyo zipokee zote mbili. Mimi ni mzima wa afya, wasiwasi ni kwenu huko Ruponda. Ufuta mmeshaukata? Mama naye hajambo? Yule jogoo mwekundu bado anawafukuza watoto wa watu njiani, au mmeshamkanya?

Ligi imekwisha, Bibi. Mbwemkuru tumebaki ligi kuu, tumeponea chupuchupu, redioni umesikia mwenyewe. Lakini usifikiri tumepumzika. Sasa hivi ndiyo kipindi kibaya kuliko mechi. Kocha kaondoka. Nahodha kaondoka. Hata jezi ya kijani imekwenda na maji, msimu ujao tunavaa nyekundu ya bibo lililoiva. Kila jioni tunakaa na simu mkononi tukisubiri kuona leo nani kapewa tenkyu. Huku klabu ikikuacha inaweka picha yako mtandaoni na neno hilo la shukrani, basi. Ukiiona sura yako, funga begi.

Picha yangu haijawekwa. Na sikiliza hili ukiwa umekaa: yule kipa aliyekuwa mbele yangu miaka yote minne, yake imewekwa jana. Bibi, nafasi iko wazi! Mwaka huu namba moja ni mimi.

Ndiyo maana siwezi kuja kwenye ufuta kama nilivyoahidi. Kocha mpya anaingia wiki ijayo, anataka kutuangalia mmoja mmoja. Usininunie.

Ni mimi mumeo mdogo,
Rahimu


Ruponda,
9 Juni 2024

Kwako mume nisiyemwona, Rahimu,

Marahaba. Mama yako mzima, mimi mzima, mbuzi wazima. Ufuta tumeukata bila wewe na umesimama kwenye vichanja unakauka, haukuuliza uko wapi. Jogoo hakanyiki. Juzi kamfuata mwalimu mpaka mlangoni kwake. Nimemwambia Hajra mama yako, yule kuku ana roho ya askari, iko siku nitamla.

Umeuliza kupitia kwa Anselmo kwa nini sinunui simu nyingine. Nimekujibu mara ngapi? Simu inameza nusu ya maneno, na nusu inayobaki inasikilizwa na kijiji kizima. Mimi kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, mama yako nimembeba mgongoni. Nilipata taabu sana kuijua hii kalamu, sasa niiache ikauke kwa sababu ya redio ya mfukoni? Anselmo anapita na Noah yake ya abiria kila siku, Nachingwea na Ruangwa, barua haimlii mafuta. Andika.

Haya, tuje kwenye hilo la namba moja. Miaka minne nasikiliza redio, nasikia majina kumi na moja, la mume wangu halimo. Hilo benchi umeliotesha mizizi? Wanawake wenzangu wananiuliza mumeo anafanya kazi gani huko, nawaambia analinda viti.

Jana tulichinja tetea mmoja. Firigisi, kama unavyojua, ni ya mume mwenye nyumba. Babu yako alipofariki nikaanza kukupa wewe, meno ya mbele huna, ukawa unaitafuna tangu adhuhuri mpaka alasiri. Basi jana mume hayupo. Nimempa Anselmo alipokuja kuuliza kama kuna barua. Kaila pale pale, amesimama.

Sasa haya ndiyo masharti yangu. Siku utakapoanza golini kwenye mechi ya ligi, mimi Biasha nitakuja huko Ruangwa, kwa miguu yangu miwili, nitaingia uwanjani na firigisi kwenye kikopo nikulishe mbele ya watu wote. Mpaka siku hiyo ataila Anselmo. Tena anaipenda.

Mkeo halali,
Biasha


Ruangwa,
24 Juni 2024

Mke wangu,

Shikamoo, na Idi Mubaraka ingawa nimechelewa. Sisi tulisali hapa mjini, kisha wote tukala pilau nyumbani kwa katibu wa klabu. Mimi mzima. Nawe usile nyama nyingi ukasingizia sikukuu.

Masharti yako nimeyasoma, nimecheka mpaka wenzangu wakaninyang'anya barua. Tayarisha kikopo.

Kocha mpya amefika, anaitwa Eustakio. Mtu mkavu, haongei sana, amesoma ukocha nje. Amekuja na wachezaji wapya tisa. Kuna kipa mmoja pia, Rogath, mtu mzima, amecheza timu kubwa. Ni wa kunisaidia tu, si unajua timu haiwezi kuwa na kipa mmoja. Kocha anataka makipa wanaocheza na mpira kwa miguu, kama mabeki. Ni mambo ya kisasa tu, yatazoeleka.

Mambo shwari. Jezi namba moja nyekundu inanipendeza.

Rahimu


Ruangwa,
15 Julai 2024

Bibi,

Shikamoo. Mbona kimya? Barua yangu ya Juni ulipata? Nikimpigia mama ananiambia, "Bibi yako mzima, yuko shamba." Kila nikipiga yuko shamba, hata saa mbili usiku. Nikimuuliza Anselmo anainama kuangalia tairi.

Kama umeninunia kwa ajili ya ufuta, sema. Kama ni jambo lingine, sema pia.

Huku tunaendelea vizuri.

Rahimu


Nachingwea mjini,
29 Julai 2024

Kwako Rahimu,

Salamu utazipata mwisho, kama utazipata.

Mimi niko hapa mjini kwa Dionisia, binti mmoja wa Marambo, humjui. Nimekuja kukaa kidogo, nibadilishe hewa. Mwandiko ukiuona umekaa upande, ni meza yake, ina mguu mmoja mfupi. Mbaazi anavuna mama yako. Jogoo mwekundu yu hai, ila siku zake si nyingi.

Sasa niambie. Juzi Jumamosi hamkufanya Siku ya Mbwemkuru? Hamkuvishwa jezi uwanjani, muziki, wabunge, kelele? Ulidhani redio ya Dionisia haishiki Ruangwa? Nilikaa tangu asubuhi. Nikawaambia watu wote wa humu ndani nyamazeni, sasa hivi mtamsikia mume wangu. Mtangazaji akaanza: "Jezi namba moja... Rogath!" Watu wakashangilia kule. Huku wakanigeukia mimi.

Nikasubiri. Namba kumi na nane, kipa wa pili, kijana kutoka Tabora. Nikasubiri. Wewe umetajwa mwisho kabisa, baada ya wanaobeba maji, namba arobaini. Arobaini, Rahimu! Hiyo ni namba ya kipa au ya hitma?

Uliniandikia kwa mkono wako jezi namba moja inakupendeza. Ulivaa ya nani, ulivyoivaa? Mimi sikasiriki kwa sababu ya namba. Hata ungekuwa namba mia ungekuwa mjukuu wangu. Nakasirika kwa sababu umenificha. Mtu na bibi yake wanafichana? Ukiumwa ukanificha, nitakuombea nini? Ukianguka ukanificha, nani atakuinua? Mtu mwenye shida anayewaambia wenzake mambo shwari ni mwongo na ni mjinga pia, yote mawili.

Andika ukweli. Sitaki chumvi.

Biasha


Ruangwa,
2 Agosti 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Leo sina utani. Nisamehe.

Ukweli ni huu. Siku ya tatu tu ya mazoezi kocha alinipa mpira mguuni akaniletea washambuliaji wawili mbele. Nikaubutua nje. Akarudia. Nikaubutua tena. Mara nyingine nikampa mshambuliaji mwenyewe, akafunga na goli lipo tupu. Wenzangu wakacheka. Kocha hakucheka. Alisema, "Mikono yako ni ya kipa, miguu yako ni ya mtazamaji." Jioni akaniita. Kanipa njia mbili: niende kwa mkopo timu ya daraja la chini, au nibaki niwe kipa wa tatu, na ligi ikianza sijabadilika, nitaiona picha yangu.

Nimebaki. Sikukwambia kwa sababu nilishakuahidi. Ulivyoandika habari ya kikopo, mkono ulikataa kuandika kitu kingine. Miaka minne nimesubiri mlango ufunguke, umefunguka, nimejikwaa kizingitini.

Mikono yangu unaijua. Ndiyo wewe uliyenirushia mabibo pale nyuma ya nyumba, ukasema likipasuka likachafua shati nalifua mwenyewe, na doa la bibo halitoki. Mikono ilijifunza kupokea kitu bila kukiumiza. Lakini miguu hakunifundisha mtu. Wa kulia una nafuu. Wa kushoto, Bibi, ni kama umeazimwa.

Na jambo jingine, usikasirike. Rogath si adui. Baada ya mazoezi wenzetu wakienda kuoga, yeye anabaki na mimi. Ananipasia, namrudishia, kushoto tu. Nimemuuliza kwa nini anamfundisha mtu anayetaka nafasi yake. Kasema, "Mimi na magoti yangu haya tuna msimu mmoja. Sitaki kuacha goli kwa mtu anayebutua."

Nikipiga vibaya napandwa na hasira, naupiga ukuta teke. Jana nimejiumiza kidole.

Huo ndio ukweli wote. Sijabakiza.

Rahimu


Nachingwea mjini,
7 Agosti 2024

Mume wangu,

Haya, sasa ndiyo tumeanza kuongea. Assalamu alaikum. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na mara moja nimelia, lakini ilikuwa jioni, macho ya jioni hayana adabu.

Huyo Rogath nilishamtukana sana humu ndani. Nilimwita kikongwe, nilimwita mwizi wa jezi, nilimwombea mafua. Mwambie nimeyarudisha yote. Mwambie ana bibi mwingine Ruponda.

Sasa nisikilize habari ya mguu. Mguu mvivu haufundishwi kwa hasira. Ukiusukuma unanuna, unavimba, unakukomoa, kesho yake haukubali hata kugusa chini. Mimi najua. Mguu ubembeleze. Uambie: leo fika hapa tu, kwenye kizingiti. Ukifika, usiuombe mlango. Usifu kwanza. Kesho ndiyo uambie twende mlangoni. Na usiutazame unapofanya kazi. Ukiutazama unaona haya, unakosea. Tazama unakokwenda, wenyewe utafuata. Na usiulinganishe na mwenzake, maana yule ni mzima tangu zamani na huyu anaanza upya.

Hiyo ndiyo dawa yangu. Usitegemee nitakuletea kitu cha kuzika golini, mimi si wa mambo hayo.

Ubembeleze, Rahimu. Hata kama unacheka. Uite mama.

Biasha


Ruangwa,
19 Agosti 2024

Mke wangu kipenzi,

Shikamoo shikamoo shikamoo! Kaa chini. Umekaa?

Jumamosi hii, tarehe 24, tunafungua ligi hapa nyumbani na timu ya Mbeya. Jana kocha alitupanga mechi ya mwisho ya kirafiki. Kipindi cha pili akaniambia, "Arobaini, ingia." Bibi, ule ushauri wako niliucheka, kweli, nilimsomea Rogath tukaucheka wote wawili. Lakini wiki mbili hizi nimeufuata. Leo kizingiti, kesho mlango. Siutazami. Nausemesha kimoyomoyo. Jana mpira ulinijia kushoto mara nne, na mara nne nimempa mwenye jezi nyekundu. Ya nne kocha alikuwa anaandika kitu, akaacha kuandika.

Leo asubuhi kataja kikosi. Rogath ndiye aliyepiga kelele kwanza, hata kabla yangu. NAANZA MIMI. Namba yangu ni ile ile arobaini, sitaki nyingine tena.

Umejuaje mambo ya miguu, wewe mwanamke? Lini ulicheza mpira?

Sasa timiza masharti. Kikopo, firigisi, na miguu yako miwili. Anselmo nimeshamwambia akuwekee kiti cha mbele. Ameguna tu, sijui ana nini siku hizi.

Mumeo, kipa wa kuanza,
Rahimu


Nachingwea mjini,
22 Agosti 2024

Kwako Rahimu,

Alhamdulillahi. Nimefurahi mpaka Dionisia akaja mbio kuuliza kuna nini.

Kuja sitaweza. Usiniulize sababu. Kuna mambo. Redio ipo, na betri mpya nimeweka.

Najua nilisema. Nimesema mimi na leo nakataa mimi, kwa hiyo nikasirikie mimi, usimkasirikie mama yako wala Anselmo.

Simama vizuri. Tazama unakokwenda.

Biasha


Ruangwa,
25 Agosti 2024

Bibi,

Shikamoo.

Barua yako ilinifika Ijumaa, na sitasema uongo tena: iliniuma. Miaka yote umeninanga kwa habari ya benchi, siku natoka benchini unasema kuna mambo. Mambo gani yanazidi haya? Niliiweka ndani ya soksi nikaingia nayo uwanjani kwa hasira.

Redioni umesikia, lakini redio haioni. Nikueleze.

Uwanja ulijaa, mpaka juu ya ukuta watu. Mikono yangu haikuniangusha: kipindi cha kwanza nimetoa kichwa kimoja kilichokuwa kinaingia pembeni kabisa, nimekipokea kama bibo. Miguu nayo ilitulia, lakini hawakuwa wamenijaribu. Kipindi cha pili wakaanza. Kocha wao kagundua. Kila beki wetu akinirudishia mpira, wanakuja wawili mbio.

Dakika zinakwisha, sifuri kwa sifuri. Beki wetu kabanwa pembeni, akanirudishia mpira mbovu, unadundadunda, unakuja upande wa kushoto. Wawili wananijia. Uwanja mzima ukapiga kelele: "Butua! Butua!" Hata wenzangu. Bibi, nikauona mguu wangu. Nikautazama. Nilikuwa nakaribia kubutua.

Nikasikia sauti nyuma ya goli. Sijui kama ni kweli au ni kichwa changu, maana kelele zilikuwa nyingi. Sauti ya mwanamke, kali, inasema, "Ubembeleze! Wewe mume, UBEMBELEZE!"

Nikainua macho. Nikamwona Kaimu, winga wetu, kule mbali peke yake. Nikautuliza kwa kushoto, wa kwanza akapita kama upepo, nikaupiga kwa kushoto hiyo hiyo. Ulipanda, Bibi. Ulikwenda ukashuka mguuni kwa Kaimu kama umetumwa. Beki mmoja, wa pili, goli!

Moja bila. Tumeshinda. Watu waliingia uwanjani, Rogath alinibeba na magoti yake yale. Kocha Eustakio alikuja akaniangalia miguuni, kisha akasema, "Mtazamaji kaingia uwanjani." Ndiyo mara ya kwanza nimemwona akicheka. Akauliza, "Yule bibi aliyekuwa anakugombeza nyuma ya goli ni nani?"

Kwa hiyo hakikuwa kichwa changu. Nimegeuka kutazama, nimeona watu tu. Nimezunguka uwanja wote. Hakuna.

Neno hilo nimeandikiwa na mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo ameniambia hawezi kuja. Nijibu upesi. Anselmo nimemkamata stendi, nimemwambia sema, akaniambia, "Mtani, mimi ni dereva tu," akawasha gari na abiria hawajapanda.

Rahimu


Ruponda,
28 Agosti 2024

Kwako mume wangu, kipa wa Mbwemkuru, mwenye miguu miwili,

Waalaikumu salamu na marahaba nyingi. Nimerudi nyumbani. Mama yako mzima, anacheka peke yake jikoni tangu Jumamosi. Mikorosho imejaa maua. Jogoo mwekundu ni marehemu.

Mwache Anselmo. Usimguse. Maskini ya Mungu, miezi hii yote amebeba siri mbili kwenye gari moja. Wewe ulimwapisha asiniambie uko namba arobaini, na mimi nilimwapisha asikwambie yangu. Ukimuuliza habari zangu anaangalia tairi, nikimuuliza zako anasafisha kioo. Amekonda.

Sasa yangu. Mwezi wa Juni, siku chache baada ya barua yako ya Idi, nilimfukuza yule jogoo. Alikuwa ameingia kwenye ufuta wangu. Nilimfukuza kwa ufagio kuzunguka nyumba, nikakanyaga kichanja, nikaanguka, mguu wa kushoto ukavunjika kwenye kifundo. Jogoo akasimama juu ya tuta akawika. Naapa, aliwika! Wakanipeleka hospitali ya misheni, wakaufunga plasta ngumu kama tofali. Dionisia ni nesi pale, akanichukua kwake nisiwe nahangaika kwenda na kurudi. Meza yake haina kasoro yoyote. Nilikuwa naandika nimelala chali.

Sikukwambia. Nilisema ukijua utaacha mazoezi uje ukae kando ya kitanda, utakuwa umepata kisingizio. Nikamtisha mama yako. Na huku nakuandikia barua ya kukutukana kwamba umenificha, mtu na bibi yake hawafichani! Dionisia aliisoma ile barua, akaniangalia, akasema, "Mama, huoni haya?" Nikamwambia bandika stempu. Hakuna stempu, ilikuwa ya kwenda na Anselmo.

Plasta walipoifungua mguu ulikuwa mwembamba, mweupe, haunijui. Nikaukasirikia, nikaupigapiga, ukavimba. Yule nesi ndiye aliyenifundisha: ubembeleze, leo kizingiti, kesho mlango. Nilichokuandikia nilikuwa najiandikia na mimi. Wewe unapiga mpira ukutani kule, mimi natoka kitandani kwenda dirishani huku. Siku uliyompasia mwenzio mara nne nilikuwa nimefika chooni na kurudi bila kushikwa.

Barua ya kukataa ilikuwa ya kweli. Dionisia alisema safari hapana, ngazi hapana, umati ndiyo kabisa. Nikakubali. Ijumaa nikalala. Jumamosi asubuhi nikaamka nikamwambia, mwanangu, nilimwahidi mume wangu kwa miguu miwili, na sasa ninayo miwili. Akaguna, kisha akaenda kutafuta viatu vyake. Anselmo akapita Ruponda kumchukua mama yako, na nikaagiza waje na jogoo, ameshachinjwa, ameshakaangwa.

Mlangoni uwanjani Anselmo alitaka kunibeba. Nikamwambia uniguse uone. Nimeingia na fimbo yangu, Rahimu, hatua kwa hatua, siutazami mguu, natazama lile goli lako. Vijana wa mlangoni wakauliza huyu bibi anakwenda wapi. Nikawaambia kipa ni mume wangu, nipisheni. Wakanipisha wote, wakanipigia makofi. Wakaniletea kiti nyuma ya nyavu.

Nilikaa pale dakika zote tisini, kipindi cha pili ukaja goli la upande wangu, na hukugeuka hata mara moja! Nilifurahi hukugeuka. Ule mpira ulipokuja kushoto nikaona umeinamisha shingo, unautazama mguu. Nikasahau fimbo, nikasahau plasta, nikasimama. Nikakugombeza. Nilipokaa tena ndipo Dionisia akaniambia, "Mama, umesimama mwenyewe, fimbo ilikuwa kwangu."

Baada ya goli nililia vibaya sana, mdomo wazi, kama msibani. Sikutaka unione hivyo siku yako, wala uione fimbo mbele ya watu ukaanza kunihurumia. Nikawaambia nirudisheni garini kabla hajamaliza kubebwa. Ndiyo maana hukutuona.

Kikopo nilikuwa nacho mapajani. Nilisema nitakulisha mbele ya watu, na hilo sikutimiza, kwa hiyo nakuletea kwa mkono wa Anselmo pamoja na barua hii. Nimeikaanga tena isiharibike. Fungua mbele yake. Utaona ni nusu. Usimgombeze, safari hii hakuionja.

Ile nusu nyingine nimeila mimi. Ni mara yangu ya kwanza kula firigisi tangu niolewe, na nimeitafuna polepole kama wewe ulipokuwa huna meno. Nimeila kwa haki yangu, mume wangu. Na mimi Jumamosi nimecheza.

Biasha